Aliyefunikwa Taulo

NADHARIA: Haloo? Ni nani?

CHIRIKU: Ni mimi.

NADHARIA: Mimi wako wengi, dada. Mimi yupi?

CHIRIKU: (ananyamaza)

NADHARIA: Haloo? Kama ni mambo ya kubadilisha kifurushi sitaki, nilishamwambia mwenzako jana—

CHIRIKU: Hapana, siyo—

NADHARIA: —na ile bima ya maziko pia sitaki. Bado nina mpango wa kuishi.

CHIRIKU: (ananyamaza, mtandao unakwaruza)

NADHARIA: Ngoja kwanza. Hebu nyamaza tena kidogo.

CHIRIKU: Mh?

NADHARIA: Chiriku.

CHIRIKU: Umejuaje? Hii namba mpya.

NADHARIA: Anayepiga simu halafu akanyamaza yeye mwenyewe ni mmoja tu duniani. Nani mwingine? Darasa zima linachukua jina la ndege asiyefunga mdomo, linampa msichana ambaye mwalimu akiita majina anainua kidole badala ya kusema nipo.

CHIRIKU: Na wewe bado wanakuita Nadharia?

NADHARIA: Siku hizi naitwa mwalimu. Nikigeuka kuandika ubaoni ndipo wananiita Nadharia. Sijui nani aliwaambia. Habari za siku?

CHIRIKU: Nzuri. Za kwako?

NADHARIA: Za kwangu zipo. Tangu mahafali, eh?

CHIRIKU: Tangu mahafali.

NADHARIA: (anakohoa) Mwavuli wangu mzima?

CHIRIKU: Mzima.

NADHARIA: Uko wapi?

CHIRIKU: Nyuma ya mlango. Nimekupigia kwa shida ya kazi.

NADHARIA: Najua. Mimi sipigiwi kwa shida nyingine. Sema tu, lakini nikuonye mapema: niko kwa kinyozi. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, na umeme umekatika.

CHIRIKU: (anacheka kidogo) Nusu ipi?

NADHARIA: Ya kushoto ni ya mwalimu, ya kulia ni ya mwendawazimu. Siwezi kutoka nje hivi, kwa hiyo leo umepata msikilizaji ambaye hana pa kukimbilia. Haya, leta.

CHIRIKU: Niko kwenye mradi wa miwani. Tunapita shule za msingi, tunapima watoto macho, anayehitaji tunampelekea miwani yake. Mimi natunza kanzidata, yale majedwali ya majina kwenye kompyuta.

NADHARIA: Kazi ya heri.

CHIRIKU: Leo tunafunga mradi. Bosi asubuhi ameniambia, binti yangu, hebu iulize kompyuta, waliopimwa na bado hawajapewa ni wangapi. Nikaiuliza. Imesema hakuna.

NADHARIA: Basi hongereni.

CHIRIKU: Si kweli.

NADHARIA: Unajuaje?

CHIRIKU: Kuna mtoto hapa getini. Mjukuu wa mama anayetuuzia chai. Mimi mwenyewe ndiye niliyempima, akachagua fremu ya rangi ya waridi, akaniuliza akiivaa ataona sisimizi. Kila asubuhi ananishika sketi, shangazi, miwani yangu imeiva?

NADHARIA: Imeiva. (anacheka)

CHIRIKU: Juzi kulikuwa na baridi nikavaa koti la mlinzi. Nikapita. Akaniambia shikamoo babu.

NADHARIA: Aisee.

CHIRIKU: Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

NADHARIA: Chiriku, jamani. Ngoja. Kinyozi anauliza mbona nacheka peke yangu. (mbali na simu) Ni mtu wa kazini. (karibu) Endelea.

CHIRIKU: Mtu wa kazini.

NADHARIA: Umesema ni shida ya kazi.

CHIRIKU: Haya. Sasa stoo kuna maboksi mawili ya miwani, yamefika wiki hii. Bosi anasema ni ya akiba, kwamba kiwanda huwa kinatuma miwani ileile mara mbili. Nimefungua moja. Namba ya yule mtoto iko juu kabisa, na fremu ya waridi.

NADHARIA: Umemwambia bosi?

CHIRIKU: Nilianza kumwambia.

NADHARIA: Ulianza.

CHIRIKU: Nilifika kwenye "samahani bosi". Akasema kompyuta haidanganyi, ikisema hakuna ni hakuna. Si mtu mbaya, Nadharia. Ana haraka tu. Wageni wako njiani, hao waliotoa fedha za mradi. Viti vimepangwa, keki imefika. Wakishaikata, gari letu linakabidhiwa idara ya ujenzi, wabebee mabomba.

NADHARIA: Na likishaanza kubeba mabomba—

CHIRIKU: Halirudi. Na hizo shule hazina njia nyingine ya kufikika, ni gari lile tu. Dereva analiosha sasa hivi, namwona dirishani. Analiosha kama anamwosha bibi harusi.

NADHARIA: Sawa. Usiogope. Swali uliandikaje? Nisomee kwa lugha ya nyumbani, ile ya kompyuta tutaitafuta baadaye.

CHIRIKU: Nimesema: nichagulie majina kwenye jedwali la waliopimwa, wale ambao namba zao hazimo miongoni mwa namba za jedwali la makabidhiano.

NADHARIA: Hazimo miongoni.

CHIRIKU: Ndiyo.

NADHARIA: Hazimo miongoni... Na swali hili limewahi kukujibu vizuri?

CHIRIKU: Miezi yote. Kila Ijumaa linaniletea majina, tunapakia gari, tunakwenda. Wiki jana lilikuwa zima. Leo hata jina moja hakuna.

NADHARIA: Hii harufu naijua. (mtandao unakwaruza) —dwali la makabidhiano, kuna mstari—

CHIRIKU: Unakatika.

NADHARIA: Nasema, kwenye jedwali la makabidhiano, kuna mstari wowote ambao namba ya mtoto imeachwa tupu? Si sifuri. Tupu.

CHIRIKU: (anabonyeza vitufe, anatafuta)

NADHARIA: Chiriku?

CHIRIKU: Kuna mmoja.

NADHARIA: Nani kauacha?

CHIRIKU: Mimi. Mvua ya wiki hii ilimkuta dereva njiani, karatasi ikarudi imelowa. Jina limefutika, namba imefutika, imebaki sahihi ya mwalimu. Nikajua miwani moja imefika kwa mtoto, lakini mtoto gani? Ningeweza kubahatisha. Dereva alisema, wewe weka namba yoyote, nani atajua.

NADHARIA: Ukakataa.

CHIRIKU: Ningeweka namba yoyote, kuna mtoto angeandikwa amepata wakati hajapata. Nikaacha tupu.

NADHARIA: Ulifanya haki kabisa.

CHIRIKU: Kweli?

NADHARIA: Kabisa. Na haki hiyo hiyo ndiyo imeliua swali lako.

CHIRIKU: Mstari mmoja? Mistari ni mamia.

NADHARIA: Mmoja unatosha. Sikiliza. Hapa saluni tuko watu wanne. Mimi na nusu kichwa changu. Kinyozi. Jamaa anayesubiri zamu, anasoma gazeti la mwaka juzi. Na kwenye kiti cha pembeni kuna mtu mzima kalala, kafunikwa taulo uso mzima. Umenipata?

CHIRIKU: Nimekupata.

NADHARIA: Kinyozi yumo humu?

CHIRIKU: Yumo. Umesema.

NADHARIA: Kweli tupu. Sasa, bosi wako hayumo humu saluni. Kweli au uongo?

CHIRIKU: Kweli. Yuko hapo nje anahamisha viti.

NADHARIA: Hiyo ni wewe, una dirisha. Kompyuta haina dirisha. Inachokiona ni hii saluni peke yake, watu wanne. Iapishe sasa. Bosi hayumo kati ya hawa?

CHIRIKU: Si wewe. Si kinyozi. Si wa gazeti.

NADHARIA: Na wa taulo?

CHIRIKU: (polepole) Sijui.

NADHARIA: Sijui. Umeona? Siyo kweli, siyo uongo. Watu wanadhani kompyuta ina majibu mawili kama swichi ya taa. Hii lugha ya kuulizia data ina matatu. Kweli, uongo, na sijui. Walioitunga walikuwa watu wa hesabu, walijua maisha yatawaletea mahali patupu, wakaona ni heri kukiri kuliko kubahatisha. Kama wewe na ile karatasi.

CHIRIKU: Mwalimu alitufundisha. Muhula wa tatu. Niliandika vizuri kabisa, kwa kalamu ya kijani.

NADHARIA: Wote tuliandika. Sasa niambie, swali lako mlangoni linampitisha nani?

CHIRIKU: Aliye kweli tu.

NADHARIA: Na sijui?

CHIRIKU: Inabaki nje, pamoja na uongo. (anashtuka) Oh.

NADHARIA: Mpitishe yule mtoto wako.

CHIRIKU: Namba yake haimo? Si huyu, si huyu, si huyu... anafika kwa wa taulo. Sijui. Anabaki nje.

NADHARIA: Na anayemfuata?

CHIRIKU: Sijui. Na mwingine sijui. Wote, Nadharia. Waliopata wanabaki nje kwa sababu wamepata, na wasiopata wanakwama kwa wa taulo.

NADHARIA: Mmoja kafunikwa uso, watoto wote wamefutika.

CHIRIKU: Kumbe halikusema hakuna.

NADHARIA: Halikusema. Limesema sina uhakika hata na mmoja, halafu likanyamaza. Bosi wako akausikia ule unyamavu, akauchukua kuwa ni—

CHIRIKU: Hapana.

NADHARIA: Ndiyo. Akauchukua kuwa ni hapana.

CHIRIKU: (ananyamaza)

NADHARIA: (ananyamaza)

CHIRIKU: Mtandao umekatika?

NADHARIA: Upo. Upo. Nilikuwa... wa taulo amejigeuza, nikadhani anaamka.

CHIRIKU: Nilirekebishe vipi? Dereva ameanza kukausha vioo.

NADHARIA: Haya, kaa kwenye kompyuta. Achana na hazimo. Mpe kila mtoto zamu yake, uliza hivi: je, hakuna mstari wowote kwenye makabidhiano ambao namba yake ni sawa na ya mtoto huyu?

CHIRIKU: Hakuna mstari... si ni yale yale?

NADHARIA: Masikioni ni yale yale. Lakini mwanzo uliiapisha kompyuta: una uhakika mtoto huyu hayumo? Sasa unaiuliza kitu chepesi: umemwona? Kama haikumwona, mpelekee miwani yake. Wa taulo hatambuliki kuwa ni mtu fulani, kwa hiyo hamzuii mtu.

CHIRIKU: Umemwona. (sauti ya vidole kwenye kibodi) Si kama una uhakika. Umemwona.

NADHARIA: Hapo hapo.

CHIRIKU: Naandika. Usiseme kitu.

NADHARIA: Mimi? Nanya—

CHIRIKU: Shh.

NADHARIA: (kwa sauti ya chini, mbali na simu) Ameniambia shh. Huyu hajawahi kumwambia mtu shh tangu azaliwe.

CHIRIKU: Nasikia.

NADHARIA: Samahani.

CHIRIKU: Naibonyeza. (anavuta pumzi) Nadharia.

NADHARIA: Nipo.

CHIRIKU: Yanashuka. Majina yanashuka tu, hayajafika mwisho. Shule ile ya mlimani karibu darasa zima. Na huyu hapa. Huyu hapa, yule mtoto, yuko katikati kabisa.

NADHARIA: Umemtoa chini ya taulo.

CHIRIKU: Lakini kati ya hawa kuna mmoja alishapata. Yule wa karatasi iliyolowa. Sijui ni yupi.

NADHARIA: Basi atapelekewa mara ya pili. Mtoto kupelekewa miwani mara mbili ni kosa la kuchekesha. Kutopelekewa kabisa hakuchekeshi. Na mkimaliza, lifunge lile jedwali, safu ya namba isikubali tupu. Makaratasi yaliyolowa yapate jedwali lao.

CHIRIKU: Sawa, mwalimu.

NADHARIA: Haya. Sasa toka nje ukamwambie bosi.

CHIRIKU: Nitachapisha majina, nimwekee mezani kwake.

NADHARIA: Meza ambayo atairudia saa ngapi?

CHIRIKU: Jioni.

NADHARIA: Na mabomba yanapakiwa?

CHIRIKU: ...Mchana. Nitamtumia ujumbe.

NADHARIA: Chiriku.

CHIRIKU: Wewe hujui. Nikimfikia tu mbele yake naishia kwenye samahani. Ninayo maneno yote hapa kifuani, yamejipanga foleni, halafu la mbele linakataa kutoka na mengine yote yanakwama nyuma yake.

NADHARIA: Najua.

CHIRIKU: Hujui.

NADHARIA: Nilikuwa kwenye ngazi siku ile ya mahafali, Chiriku. Najua.

CHIRIKU: (kiti kinaburutwa, anasimama)

NADHARIA: Kwa hiyo twende wote. Usikate simu. Iweke mfukoni, ikiwa wazi, mimi niko mle ndani. Ukikwama, ujue kuna mtu ana nusu kichwa anakusubiri.

CHIRIKU: Salio langu dogo.

NADHARIA: Nikupigie mimi basi, kata—

CHIRIKU: Nikikata sitatoka. Najijua. Nakwenda hivi hivi.

NADHARIA: Nenda.

CHIRIKU: Natembea. Nimefika koridoni. Nadharia, usicheke.

NADHARIA: Sicheki. Hapa sote tumenyamaza, hata wa gazeti amelikunja.

CHIRIKU: Umewaambia?

NADHARIA: Saluni ni ndogo, mama, na simu yako inasikika mpaka mtaa wa pili. Tembea.

CHIRIKU: (nyayo, mlango, sauti za viti vinavyoburutwa, sasa yuko mbali kidogo na simu) Samahani, bosi.

NADHARIA: (kwa kunong'ona) Amelisema lile la kwanza.

CHIRIKU: Samahani. Hapana, viti vimetosha. Ni... ile kompyuta. Ile hakuna. (kimya) Haikusema hakuna, bosi. Ilisema haijui.

NADHARIA: (kwa kunong'ona) Hewala.

CHIRIKU: Ndiyo, haidanganyi. Haikudanganya. Mimi ndiye niliyeiuliza vibaya, nimeiuliza upya, watoto wapo. Majina haya hapa. Wapo wengi, na miwani yao ndiyo ile ya maboksi. Siyo ya akiba. (kimya) Najua wageni wako njiani. Ndiyo, gari limeshaandikiwa idara ya ujenzi. Najua, bosi. Ndiyo. (kimya kirefu)

NADHARIA: (kwa kunong'ona) Usinyamaze. Usinyamaze sasa.

CHIRIKU: Bosi, naomba dakika moja tu. Wee mwanangu. Wewe wa getini. Njoo. Njoo kwa shangazi. Msalimie huyu. (kimya) Umemsikia, bosi?

NADHARIA: Amesemaje? Chiriku, amesemaje?

CHIRIKU: Amekuambia shikamoo bibi.

NADHARIA: (anaziba mdomo, nyuma yake saluni nzima inacheka) Shh, jamani. Shh.

CHIRIKU: Hapana, hana utundu. Haoni. Mimi ananiita babu. Nilimpima mwenyewe, na namba yake imo kwenye haya majina, na hii hapa, nimeitoa kwenye boksi. Shika, mama. Weka hivi masikioni. Taratibu. (kimya) Nani huyu?

NADHARIA: (kimya, kisha mngurumo wa mashine) Kinyozi, izime. Umeme umerudi, nimeona, lakini izime kwanza. Nakuomba. Sisikii.

CHIRIKU: ...Ndiyo, ni babu. Huyu ni babu kweli, msalimie tena. (anacheka na kama analia) Hao wako chini pale, karibu na tofali. Ndiyo, wana miguu. Mingi. Sita.

NADHARIA: (polepole) Ameona sisimizi.

CHIRIKU: (kimya) Bosi? (kimya) Ndiyo, bosi. Hata sasa hivi yanapakika, ni maboksi mawili tu. Idara ya ujenzi nitawaandikia mimi. Hapana, nitawapigia. Kwa simu. Ndiyo, naweza. (kimya) Na wageni je? (kimya) Hilo ni wazo zuri sana, bosi. Asante. Asante, bosi. (nyayo za haraka, karibu na simu) Nadharia.

NADHARIA: Nipo.

CHIRIKU: Umesikia?

NADHARIA: Upande wako wote. Upande wa bosi sikuusikia.

CHIRIKU: Gari halikabidhiwi mpaka watoto wote wapate. Wageni wakifika watapanda humo humo, wakawavishe watoto wenyewe, na keki wataikatia shuleni. Dereva amekasirika, ameliosha bure, barabara ya mlimani ni tope. Na bosi amejipangusa macho akasema ni vumbi.

NADHARIA: Umesema, Chiriku. Umesema mpaka mwisho.

CHIRIKU: Nimekaa kwenye ndoo ya dereva.

NADHARIA: Kaa. Umestahili ndoo. (kicheko nyuma yake) Ngoja... Haya makubwa. Wa taulo ameinuka.

CHIRIKU: Alikuwa amelala.

NADHARIA: Alikuwa macho muda wote. Anasema taulo lilipoa zamani, lakini aliona aibu kulitoa maana alikuwa ndiye mfano. (mbali na simu) Shikamoo mzee. Ndiyo. Ee... (karibu) Anauliza swali.

CHIRIKU: La jedwali?

NADHARIA: La mwavuli. Anataka kujua umefikaje kwako. Nimwambie tu kwamba uliuazima kwangu. Mvua ilinyesha—

CHIRIKU: Mwambie ilikuwa mahafali. Mwambie tulikuwa kwenye ngazi za maktaba, ukaniuliza kama unaweza kuja kwetu siku moja kumsalimia mama.

NADHARIA: Chiriku—

CHIRIKU: Ukanipa mwavuli nikushikie, ukapangusa miwani yako ya macho. Ulikuwa unaipangusa kwa tai. Na mimi nikaondoka nao.

NADHARIA: Uliondoka nao mbio. Nililowa mpaka cheti.

CHIRIKU: Pole.

NADHARIA: Kilikauka. Hukusema kitu, nami nikaelewa. Sikutaka kukusumbua.

CHIRIKU: Ulielewa nini?

NADHARIA: Si... nilielewa tu.

CHIRIKU: Nilinyamaza, ukaelewa. Nadharia, wanafunzi wako umewafundisha kwamba tupu ni sawa na nini?

NADHARIA: Si sawa na kitu. Tupu hailingani na kitu chochote, hata na tupu mwen— (anaacha)

CHIRIKU: Kila mvua ikiisha naufungua ule mwavuli sebuleni, upate hewa, usioze. Na siutumii. Mama ananiuliza huu mwavuli ni wa nani usionyeshewa, nashindwa kumj— (mlio) —hii simu inalia, ni sa—

NADHARIA: Haloo? Unashindwa nini? Chiriku? (kimya) Haloo? (mbali na simu) Salio limeisha. Hapana, mzee, hajakata, salio limeisha. Nani ana namba... aa, ninayo, imebaki humu. Ngojeni. Usiwashe, kinyozi. (simu inaita, inaita, inapokelewa) Haloo?

CHIRIKU: Haloo? Ni nani?

NADHARIA: Ni mimi.

CHIRIKU: Mimi wako wengi.

NADHARIA: Mimi wa kwenye ngazi. (anapumua) Ulikuwa unasema unashindwa—

CHIRIKU: Wageni wamefika, gari linapiga honi, na mtoto amenishika sketi anataka kwenda nasi akaone shule za wenzake. Nasema haraka kabla maneno hayajapanga foleni tena.

NADHARIA: Sema.

CHIRIKU: Mama huwa yupo nyumbani Jumapili. Njoo mapema, kabla mawingu hayajajikusanya, maana mwavuli ninao mimi. Kwaheri. Nakwenda. Kwaheri, Nadharia.

NADHARIA: Kwaheri. Nita— haloo? Amekata. (mbali na simu) Kinyozi, washa mashine. Na huu upande uliobaki uunyoe kwa utulivu, Jumapili nina pa kwenda.